Kitabu cha Mtoto Anayeogopa Maji Kisiishie Kitandani

Kumtengenezea mtoto kitabu chenye jina lake si kazi tena. Programu ya simu inauliza jina, umri na rangi ya nguo, na baada ya dakika chache imetoa hadithi ya mtoto huyo akiogelea na pomboo kwenye maji ya buluu huku watu wakimpigia makofi. Mzazi wa Himbi au Katindo, hapa Goma, akimsomea mtoto anayepiga kelele kila akimwagiwa maji kichwani, atapata jioni moja ya furaha. Kesho yake beseni likiletwa, kelele ni zilezile.

Kitabu cha namna hiyo kimepima jina la mtoto, hakikupima woga wake. Mtoto mmoja hataki maji yaingie masikioni. Mwingine anaoga vizuri lakini anaganda akikosa ardhi chini ya miguu. Wa tatu anatishwa na sauti ya mawimbi yakipiga mawe, na maji yenyewe wala hayamsumbui. Hawa watatu hawawezi kusoma kitabu kimoja, hata kama kila nakala imeandikwa jina lingine.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa vitabu hivi hawalisemi: hadithi peke yake haitoi woga wa maji. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Australia, Ross Menzies na J. Christopher Clarke, walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wadogo wenye woga mkubwa wa maji. Kundi moja liliingizwa majini hatua kwa hatua, la pili lilitazama tu mtu mwingine akifanya hivyo, la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupewa chochote. Waliogusa maji walipata nafuu. Waliotazama tu hawakuwazidi wale ambao hawakusaidiwa kabisa. Na kitabu, hata kikiwa na picha nzuri namna gani, ni kutazama.

Kwa nini basi kukiandika? Kwa sababu kinafanya kazi mbili ambazo beseni haliwezi kuzifanya. Ya kwanza ni kumwambia mtoto mapema nini kitatokea, kwa mpangilio gani na kitaisha wapi; mtoto wa miaka minne hajui kwamba kuoga kuna mwisho. Ya pili ndiyo kubwa zaidi kwa maoni yetu, nayo inamhusu mkubwa. Mzazi mwenye haraka huruka kutoka miguu hadi kichwa kwa dakika moja, kisha anashangaa. Kurasa zilizoandikwa zinamzuia: leo ni ukurasa wa tano, na wa sita haujafika. Kitabu kizuri kinamfunga mkubwa, awe mama, baba au dada, kuliko kinavyomfunga mtoto.

Kazi inaanza kabla ya kalamu. Jioni mbili au tatu zinatosha kuutafuta woga ulipo. Weka beseni lenye maji ya vuguvugu, kikombe na kitambaa, halafu jaribu kwa utaratibu: vidole vya mikono, miguu, magoti, tumbo, mabega, shingo, kidevu, masikio, utosi, macho. Angalia ni wapi mabega yanapanda, pumzi inakatika au mikono inakamata nguo yako. Palipo na dalili hizo, simama, andika, rudi nyuma hatua moja. Usimuulize mtoto wa miaka mitano woga wake ni ngapi juu ya kumi. Namba hiyo haina maana kwake. Mpe mawe madogo matano, na Goma mawe hayatafutwi. Hakuna jiwe maana yake sina shida. Matano maana yake nataka kukimbia. Kwa kila hatua anaweka mawe yake chini, nawe unaandika hesabu.

Usishangae pia ukikosa chanzo. Menzies na Clarke waliwauliza wazazi woga ulianzia wapi, na zaidi ya nusu walijibu kwamba mtoto aliogopa tangu mara ya kwanza alipokutana na maji. Waliotaja tukio baya lililouanzisha walikuwa wachache sana. Kwa hiyo kumhoji mtoto kila siku "nani alikutisha?" kunapoteza muda, na kunaweza kumpa hadithi ya kutisha ambayo hakuwa nayo.

Sasa kuandika. Karatasi 3 za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 12, na hizo zinatosha. Ukurasa wa kwanza ni jalada. Wa pili uonyeshe kitu ambacho mtoto tayari anakiweza bila jiwe hata moja, kwa mfano kufua kitambaa chake mwenyewe. Kutoka wa tatu, kila ukurasa ni hatua moja tu, na kati ya hatua moja na nyingine woga usipande zaidi ya jiwe moja. Ukiona unaruka mawili, umekosa ukurasa katikati. Kati ya maji ya mabegani na maji ya utosini, kwa mfano, kuna kitambaa chenye maji kinachokamuliwa kisogoni. Watu wengi hukisahau.

Sentensi ziwe fupi, mbili au tatu kwa ukurasa, na ziseme anachokiona, anachokisikia na anachofanya mkubwa. Amri ziwe chache. Carol Gray, mwalimu wa Marekani aliyeanzisha hadithi za maelezo kwa watoto wenye usonji mwanzoni mwa miaka ya 1990, alisisitiza kwamba sentensi za kueleza zizidi kwa mbali sentensi za kuelekeza, na kanuni hiyo inafaa hapa pia. "Usiogope" haielezi kitu. Mtoto anaposikia "usiogope" anajua kuna kitu cha kuogopwa kinakuja.

Andika kwa nafsi ya kwanza na kwa Swahili inayosemwa nyumbani, hata kama mwalimu wa shule atakunja uso. Kitabu kinachoanza na Kifaransa au Kiswahili cha redio kinageuka somo. Ukurasa wa mtoto wa Goma unaweza kusomeka hivi: "Mama anatia maji ku beseni. Maji inafika ku bidole byangu. Iko baridi kidogo. Naweza sema: ngoja. Mama anangoja."

Hilo neno "ngoja" ndilo uti wa mgongo wa kitabu kizima. Sehemu kubwa ya woga wa maji ni kutokuwa na usemi: kichwa chako kimeshikwa, macho yanawasha, na mtu mkubwa anaendelea tu. Kitabu kinampa mtoto neno la kusimamisha, na mkubwa anapaswa kulitii kila mara, hata pale linaposemwa kwa mchezo. Likivunjwa mara moja, kitabu kimekufa. Mtoto hatakiamini tena, na atakuwa na haki.

Karibu na ukurasa wa saba, mhusika aogope. Ndiyo, kwa makusudi. Hapa vitabu vya kununua hukosea zaidi, maana shujaa wao hana woga tangu mwanzo, na mtoto anayetetemeka anamwona kama mtu wa dunia nyingine. Anayefaa kuigwa ni yule anayeogopa, anarudi ukurasa mmoja nyuma, anapumua, anajaribu tena na anafika. Kama unaweka mtu wa pili kwenye picha, awe mtoto wa avenyu yenu aliyemzidi mwaka mmoja au miwili, badala ya baba mwenye misuli. Mtoto hujilinganisha na aliye karibu naye.

Picha zipigwe kwa simu, kwenye beseni lenu lenyewe, kwenye ua wenu. Mchoro wa bwawa la buluu lenye vigae hauna uhusiano na mtoto anayeoga juu ya mawe meusi ya volkano. Mtoto avae nguo katika kila picha, na faili zisipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ukishachapisha, zifute kwenye mashine ya dukani.

Kuchapisha kuna mtego wake. Karatasi zikikunjwa, kurasa hazifuatani kama zinavyoonekana kwenye skrini. Karatasi ya nje inabeba 12 na 1, nyuma yake 2 na 11; ya kati inabeba 10 na 3, nyuma 4 na 9; ya ndani 8 na 5, nyuma 6 na 7. Kipimo cha haraka: kurasa mbili za upande mmoja zikijumlishwa zitoe 13. Mwambie wa sekretariati, yaani duka la kuchapisha, atumie mashine ya unga wa wino kuliko ya wino wa maji, kwa sababu kitabu hiki kitalowa, na wino wa maji unatiririka kwa tone moja. Maneno unayoongeza kwa mkono yaandikwe kwa biki au penseli. Kalamu za rangi zenye ncha ya sufi huyeyuka. Jalada lifunikwe kwa skochi pana (utepe wa gundi) pande zote mbili, na pini mbili za stepla zipigwe kwenye mkunjo, ncha zikiwa ndani, kisha zifunikwe na skochi ili zisimkwaruze.

Kila ukurasa unasomwa jioni na unafanywa kesho yake. Huo ndio mkataba. Kusoma kitabu kizima kila usiku kwa wiki tatu bila kuleta beseni kunamfundisha mtoto kwamba maji ni kitu cha kuzungumziwa tu, na kwa watoto wengine kusoma kunageuka njia ya heshima ya kukwepa. Dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha. Endelea mbele pale hatua ya leo imeshuka hadi jiwe moja au sifuri siku mbili mfululizo. Mawe yakipanda, usimtoe majini kwa haraka: rudi ukurasa uliotangulia, ukae hapo mpaka mwili ulegee, ndipo umalize. Akitolewa woga ukiwa juu, nafuu anayoipata inamfundisha kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Na chakula kizuri kisaidie. Tangu 1924, Mary Cover Jones alipomsogezea mtoto mdogo sungura aliyekuwa akimwogopa, kidogo kidogo huku mtoto akila anachopenda, njia hiyo inajulikana. Kipande cha ndizi au andazi baada ya ukurasa si rushwa.

Kuhusu maji yenyewe, Goma ina sharti lake. Lita 10, yaani nusu ya bidoni, zinatosha kwa hatua zote za uso, lakini zisitoke ziwani moja kwa moja. Mtoto anayejifunza kupuliza mapovu humeza, na kipindupindu kwetu si hadithi. Tumia maji yaliyotiwa klorini kwenye kituo cha ufukweni au nyumbani, baada ya kungoja dakika 30 dawa ifanye kazi. Yakiisha kutumika, yasimwagwe, yatadeki nyumba. Mapovu yanaanza kwa kupuliza juu ya maji bila kuyagusa, kama anayepoza uji, kisha midomo inagusa, kisha pua. Anayejua kutoa pumzi puani hatavuta maji puani. Uso mzima unakuja baadaye, kwa hesabu ya tatu inayohesabiwa na mtoto mwenyewe kwa vidole. Usimwache peke yake na beseni hata kwa muda wa kujibu simu: sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha mtoto mdogo.

Tufike ziwani, maana hapa ndipo tunapotofautiana kabisa na vitabu vya pomboo. Sentensi "ziwa ni rafiki yangu" isiandikwe. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480, na kwenye ufuko wa Goma lava imejenga kingo kali: mtoto anasimama maji yakiwa magotini, anapiga hatua moja, ardhi imekwisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa na umri chini ya miaka 5. Shirika hilohilo linashauri mafunzo ya kuogelea na usalama majini yaanze kwa watoto waliovuka miaka 6. Kitabu cha mtoto wa miaka minne kinapaswa kuishia kwenye taulo, uani. Kikimfikisha ziwani akishangiliwa, kimemwondolea kinga bila kumpa ujuzi.

Watakuwepo watakaosema: basi tumwache aogope, woga utamlinda. Hoja hiyo ina nguvu mahali ambapo mtoto anaweza kuliepuka ziwa maisha yake yote. Goma si mahali hapo. Mtoto tunayemtisha akiwa na miaka mitatu kwamba mamba muntu, jini wa majini, atamvuta, tunamkabidhi bidoni la njano akiwa na miaka minane na kumwambia afanye haraka. Anafika kwenye mwamba wenye utelezi akiwa amekakamaa, hajui kupuliza, hajui kusimama tena akianguka, na akishikwa na mwenzake anamkaba shingo. Woga haukumzuia kwenda ziwani. Umemzuia kujifunza tu.

Kwa hiyo mtoto mkubwa kidogo anahitaji kitabu cha pili, na hicho kiwe cha kanuni zaidi kuliko ujasiri. Ukurasa mmoja uonyeshe mwamba ambapo familia yenu huchota na mstari asiouvuka. Mwingine useme nani anamtazama. Mwingine useme afanye nini mwenzake akiteleza: apige kelele, arushe bidoni tupu lililofungwa kifuniko, asiruke ndani. Kwa wakazi wa upande wa Kyeshero na kuelekea Ziwa la Kijani, uwepo ukurasa wa mazuku, hewa ya kaboni dioksidi inayolala kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa asubuhi kabla ya upepo. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo inamfikia mtoto kabla ya mkubwa aliyesimama kando yake. Ndege au panya aliyekufa shimoni ni alama ya kurudi nyuma. Hayo hayamtii mtoto woga mpya; yanampa woga wenye mahali na mipaka, na huo unabebeka.

Vivyo hivyo kwa gesi ya ziwa. Tangu Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na mji kuamriwa kuhama siku tano baadaye, watoto wamesikia wakubwa wakisema ziwa litalipuka. Anayeuliza ajibiwe ukweli: methani na kaboni dioksidi zimeyeyuka kwenye maji ya chini kabisa, mamia ya mita kutoka juu, na mtu anayeoga ufukweni hazigusi wala haziamshi. Na kwamba Ziwa Kivu halina mamba, hilo ni kweli pia, liandikwe.

Kama mna ufuko tulivu wenye mchanga au mnaweza kulipia bwawa la hoteli, hatua ya kwanza ya kuelea si kuelea. Ni kusimama tena. Maji yakiwa kiunoni mwa mtoto, mkubwa akiwa upande wa kina na mkono chini ya mgongo wake, mtoto anafundishwa: kidevu kifuani, magoti tumboni, mikono isukume maji, miguu ishuke. Wengi wanaokataa kulala chali wanakataa kwa sababu hawaoni njia ya kurudi. Maji ya juu ya ziwa huwa nyuzi 23 hadi 25 hivi, na mwili mdogo hupoa upesi. Midomo ikitetemeka, kitabu kifungwe.

Kwa familia nyingi, lakini, maji ya lazima ni safari ya mashua. Kitabu cha mashua kina kurasa chache: foleni bandarini, jileti (vazi la kuelea), kukaa chini, kelele za injini, kufika. Jileti ipimwe kwa uzito wa mtoto, ya mkubwa haifai. Ifunge, kisha uinue kwenye mabega: ikipanda hadi masikioni, majini itamtoka, kwa hiyo mkanda wa kupita katikati ya miguu ni wa lazima. Na ukurasa mmoja umhusu mzazi: chombo kikijaa kupita kiasi, tunashuka. Kitabu kinachomtuliza mtoto ndani ya mashua iliyolemewa kinadanganya.

Wapo watoto ambao kitabu hiki si chao kwa sasa. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa mno, ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, macho ya watu yakiona. Mtoto aliyekuwa ndani ya ajali ya namna hiyo, aliyepoteza mtu wake, au aliyeiona kutoka ufukweni, akiwa na ndoto za kutisha, akirudia kukojoa kitandani, akicheza kuzama kila siku, na hali hiyo ikivuka mwezi, asianzishiwe ngazi ya beseni na wazazi. Aonwe kwanza na APS (msaidizi wa kisaikolojia na kijamii) wa kituo cha afya au mwanasaikolojia. Kwake kitabu kinaweza kuja baadaye, na pengine kitaanza na aliyekufa kabla ya kuanza na maji.

Kwa wengine wote, tegemeeni kurudi nyuma. Baada ya malaria, baada ya kuhama nyumba, baada ya mtoto wa jirani kusimulia jambo, mawe yatapanda tena. Msitupe kitabu wala msianze ukurasa wa kwanza. Rudini kurasa mbili nyuma ya pale alipofika, na kwa kawaida siku chache zinatosha. Siku atakapoanza kuruka kurasa kwa sababu zinamchosha, mwacheni aruke. Pini zitolewe, kurasa za mwanzo zikae kando, na karatasi mpya zishonwe kwa woga unaofuata, kama upo.